Dishi la Korane Kabla ya Jua Kutua

Mume wangu Ndambuki ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikianza kueleza mambo yake, mtu anaweza kudhani namchukia. Ni mkaidi. Ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje kwanza ahakikishe, arudi ameloa chepechepe, halafu aseme ni manyunyu tu. Kwetu Mitaboni wanamjua kama fundi wa madishi, yale makubwa ya wavu ambayo watu waliyaweka nyuma ya nyumba miaka ile. Alianza na redio, akahamia televisheni, na madishi yalipofika akajifundisha mwenyewe kwa kufungua moja lililoangushwa na upepo na kulijenga upya mara tatu.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Aliye nje na spana haioni televisheni, na aliye mbele ya televisheni haligusi dishi. Wa ndani ni mimi, Mbula. Kwa miaka minane nilikuwa nimesimama kwenye madirisha ya watu, jicho moja kwenye kioo na jingine uani, nikipiga kelele: "Inakuja! Simama! Rudi! Imetoroka!" Mafundi wengine walikuwa na mashine ya kupimia. Ndambuki alikuwa na mimi, na mimi sikuhitaji betri.

Ninayotaka kueleza ni ya Ijumaa moja ya Machi 1999, kwa Korane, mfanyabiashara wa mifugo aliyekaa pembeni ya mji wa Machakos. Korane alikuwa na mama yake mzazi nyumbani, Maryan, mama wa miaka sabini na kitu, na ini lilikuwa limemwisha. Daktari alimwambia Korane wampeleke nyumbani wampe anachotaka kula. Kila mtu anajua maana ya maneno hayo.

Maryan alikuwa ameingoja hija maisha yake yote. Kila alipokaribia, kulikuja ukame, au mtoto akaugua, au ng'ombe wakafa. Mwaka huo mguu haukuweza kumfikisha hata langoni. Basi mwanawe mdogo, Khadar, ambaye alishafanya hija yake zamani, akaenda Makka kuhiji kwa niaba ya mama. Dini yao inaruhusu hivyo kwa mtu aliyeugua ugonjwa usioponyeka. Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya Arafa, siku ambayo mahujaji wote husimama kwenye uwanja mmoja wakimwomba Mungu kuanzia adhuhuri mpaka jua litue. Jua likitua wanaondoka, na imekwisha. Saa yao na yetu ni moja, na jua lao hutua karibu dakika ile ile na letu.

Maryan alitaka jambo moja tu: aone watu wale wamesimama, kwa macho yake, wakati mwanawe yuko katikati yao akimwombea. Kwa hiyo Korane alinunua dishi la mita tatu. Nguzo ilikuwa imechimbiwa na kumwagiwa saruji wiki mbili kabla. Alhamisi jioni tukalipandisha dishi, na Ijumaa asubuhi tukaanza kulielekeza.

Nieleze kidogo, kwa sababu kosa lote liko hapa. Setilaiti zimejipanga angani kwenye njia moja, kutoka mashariki hadi magharibi. Dishi kubwa linakaa juu ya chuma kinacholala kutoka kusini kwenda kaskazini, ili likigeuzwa lipite kwenye njia hiyo na kuokota setilaiti moja baada ya nyingine. Chuma kikilala sawa, unazipata zote. Kikipinda kidogo tu, utaipata ile iliyo utosini, lakini kadiri unavyoteremka mashariki au magharibi unazidi kuachana nazo. Kwa hiyo kila kitu kinaanza na kujua kaskazini iko wapi.

Ndambuki alikuwa na dira ndogo aliyoipenda kuliko mimi. Lakini ua wa Korane ulikuwa umezungushwa mabati, na katikati kulikuwa na mizani kubwa ya chuma ya kupimia ng'ombe. Sindano ya dira ilicheza, ikaelekea kwenye mizani, tukasogea, ikaelekea kwenye mabati. Ndambuki akaitia mfukoni.

"Korane," akauliza, "nyinyi mnaswali mkiangalia wapi?"

"Makka. Kaskazini."

"Mnajuaje?"

Korane akamwonyesha kwenye baraza. Sheikh mmoja alikuja nyumba ilipojengwa, akapima, na wajenzi wakachora mstari kwenye saruji mbichi kutoka ukutani mpaka ukingoni. Mstari mrefu, umenyooka, haufutiki.

Ndambuki alifurahi kama mtu aliyeokota noti njiani. "Watu hawawezi kumpigia Mungu magoti wakiangalia pabaya," akaniambia. Tukavuta kamba kutoka kwenye mstari ule mpaka kwenye nguzo, tukakilaza chuma sambamba nayo, tukakaza nati. Na mimi, nisijifanye mwerevu, nilishika ncha ya pili ya kamba na nikaona ni sawa kabisa.

Asubuhi ilikuwa tamu. Setilaiti iliyo utosini ilikuja mara moja, picha safi, mwanamke anasoma habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Maryan alikuwa amelazwa kwenye kochi, mito mitatu mgongoni, shuka mpaka kifuani. Akatabasamu. Sabrin, mke wa Korane, akatuletea chai ingawa yeye na mumewe walikuwa wamefunga, maana siku hiyo wasiohiji hufunga. Ndambuki alikunywa vikombe viwili, akasema setilaiti ya Waarabu, yenye picha za Makka, iko chini kidogo tu upande wa magharibi, nusu saa inatosha.

Saa tano ilipita. Saa sita ikapita. Kule Arafa walishaanza kusimama, na sisi tulikuwa na chenga tupu, nyeupe na nyeusi zikichemka kwenye kioo. Mara moja moja kivuli cha picha kilipita nyuma yake, pamoja na sauti ya mtu anayesoma Kiarabu, halafu ikamezwa.

"Iko hapo!" nilipiga kelele. "Rudi! Rudi kidogo! Imetoroka!"

Korane alikwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, akarudi, akatukuta pale pale. Alisimama mlangoni akiangalia kioo, kisha mama yake, kisha kioo. Ningependa angegomba.

Ndambuki alibadilisha kichwa cha mbele cha dishi, akarudisha cha kwanza. Akalaumu risiva, kile kisanduku kinacholeta picha kwenye televisheni. Akalaumu waya, akaukata waya mpya na kuunganisha mwingine. Saa tisa shati lake lilikuwa limegandana na mgongo, na alikuwa ameanza kunigombeza mimi.

"Wewe unaona kweli ama unaota? Ukisema imekuja, imekuja wapi?"

"Baba Kasiva," nikamjibu kwa jina la mtoto wetu, "mimi nasema kenye naona. Kama unataka picha ya uongo nikuchoree."

Hatukuwa tukigombana kwa ajili ya picha. Tulikuwa tunaogopa. Mama alikuwa anasinzia na kuzinduka, na kila akizinduka aliuliza swali lile lile kwa sauti ndogo: "Bado wamesimama?" Nami nilimjibu, "Bado, mama. Bado wako." Moyo uliniuma kumjibu hivyo huku nikiangalia chenga. Yule mama hakuwa na Arafa nyingine ya kungojea mwakani.

Saa kumi ikafika, wakati wa swala ya alasiri. Maryan hakuweza kusimama, kwa hiyo Sabrin na mimi tulimkalisha kwenye kiti aswali akiwa amekaa. Nilikigeuza kiti kikatazamana sawasawa na ukuta wa mbele. Sabrin akakishika, akakisogeza kidogo kulia.

"Si kaskazini ni mbele?" nikauliza.

"Mama, Makka haiko kaskazini kabisa," Sabrin akaniambia. "Imeenda kidogo upande wa mashariki. Ni hivyo sheikh alipima. Sisi tunasema tu kaskazini, kwa kifupi."

Nilitoka nje mbio na khanga ikanivuka, nikaiacha hapo hapo mlangoni.

"Ule mstari si kaskazini!" nilimwambia. "Ni Makka. Makka iko pembeni."

Ndambuki alikuwa juu ya ngazi. Hakugeuka. "Mstari ni mstari. Umepimwa na sheikh."

"Amepima Makka, hajapima kaskazini!"

"Mama Kasiva, rudi kwa televisheni."

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Idi ilikuwa kesho yake. Ningeweza kumwacha na ukaidi wake kama isingekuwa kwa ajili ya mama yule. Nikalichukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikausimamisha mpini wake barazani kwenye mstari wa sheikh. Sisi tuliolelewa shambani tunajua mwezi wa Machi, wakati wa kupanda, jua halichomozi upande wa huku wala wa kule. Linachomoza katikati na kutua katikati. Mchana halikusaidii, maana linakukalia utosini na kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Lakini jioni kivuli kinakwenda mashariki karibu sawasawa. Nikalichukua boksi tupu la risiva, lenye kona za mraba, nikaweka ukingo wake mmoja kwenye kivuli cha mpini. Ukingo wa pili ndio ungeonyesha kaskazini.

"Shuka uone," nikasema.

Alishuka kwa sababu Korane alikuwa amekuja na kusimama karibu yangu. Akainama. Alivuta kamba kwenye ukingo wa boksi mpaka mwisho wa baraza. Kamba na mstari vilianza pamoja, vikaachana polepole, na mwishoni kulikuwa na pengo la kiganja kizima. Mstari wa sheikh ulikuwa umelalia mashariki, kama Sabrin alivyosema.

"Asi," Ndambuki akashangaa kwa lugha yetu, taratibu.

Alibaki amechuchumaa, akalipima pengo kwa kiganja, akalipima tena. Mimi nilijua anachofikiria. Kulegeza chuma kile kulimaanisha kupoteza hata setilaiti iliyo utosini, kuanza upya, na jua lilikuwa limebakiza saa mbili. Nilijua pia kwamba angeweza kumwambia Korane kwamba mlichora mstari vibaya, na Korane angeamini. Mtu aliyekata tamaa huamini chochote.

Alisimama, akajipangusa vumbi magotini. "Korane, nilikosea," akasema. "Si mstari yenu. Yenu iko sawa na kazi yenu. Ni mimi niliuliza swali mbaya."

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na saba, na zaidi ya siku hiyo sijawahi kumsikia akisema hivyo mbele ya mteja. Hata mbele yangu sijawahi.

Korane alimwangalia. "Fundi, walahi, sitaki kujua nani amekosa. Hooyo yuko na hii jioni moja tu." Hooyo ndivyo wanavyomwita mama. "Tufanye nini?"

"Vua koti."

Tangu hapo hakuna aliyepumzika. Ndambuki alilegeza nati nne za shingoni, pale dishi linapokalia nguzo, na yeye na Korane wakaligeuza dishi zima, na mzigo wake wote, kuelekea magharibi, upana wa kidole kwa kila mara. Mimi nilikuwa dirishani. Walikilinganisha chuma na kamba ya kivuli, na setilaiti ya utosini ikarudi. Wakateremka magharibi: chenga. Lakini chenga zilikuwa zimepungua, na sauti ya Kiarabu sasa ilikaa sekunde kumi kabla ya kutoroka.

"Bado kidogo!" nilipaza sauti. "Tumekaribia! Endeleeni upande huo huo!"

Kivuli kilikuwa kimetufikisha nusu ya njia, si njia yote. Iliyobaki ilikuwa ya kubahatisha kwa kidole. Wageuze, waende utosini kuhakikisha, warudi magharibi, waniulize. Saa kumi na moja. Kumi na moja na nusu. Upepo ulianza kushuka kutoka milima ya Iveti, ule wa kuleta mvua, na dishi likaanza kuguna kwenye nguzo. Nyuma yangu Maryan alikuwa ameamka kabisa. Hakuuliza tena kama bado wamesimama. Alikuwa anaangalia mwanga dirishani, anaupima.

Saa kumi na mbili na dakika tano, chenga zilifutika.

Sikupiga kelele mara moja, Mungu anisamehe. Nilisahau kazi yangu. Kioo kilikuwa kimejaa watu weupe, weupe mpaka mlimani, mikono juu, na sauti yao ikatoka kwenye televisheni ya Korane kama maji yanayochemka kwenye sufuria kubwa.

"Simama!" nikapayuka. "Simama hapo hapo! Msipumue!"

"Nakaza!" Ndambuki akajibu.

Alipokaza nati ya kwanza, shingo ilivutwa unywele mmoja, na chenga zikarudi. Maryan alitoa sauti moja fupi ambayo sitaki kuisikia tena.

"Imeenda! Legeza!"

Akalegeza. Wakasukuma. Picha ikaja. Akakaza nati ya upande wa pili kwanza, polepole, kama anafunga mtoto kitambaa. Picha ikaenda. Mara ya tatu vilevile. Ilikuwa kumi na mbili na robo.

"Baba Kasiva," nilimwita, "usikaze tena. Hakuna wakati. Shika tu."

"Nishike na nini, upepo huu?"

"Na mabega!"

Wakashika. Ndambuki aliliweka bega chini ya ukingo wa mashariki, Korane akaukumbatia ukingo wa magharibi. Dishi la mita tatu lenye nati nne zilizolegea, na upepo wa mvua ndani yake. Korane hakuwa amekula wala kunywa tangu alfajiri. Wote wawili walikuwa wamelipa mgongo dirisha. Mimi niliita tu: "Juu kidogo. Hapo. Hapo. Korane, umeshuka. Hapo."

Nikageuka kumwangalia mama, nikamkuta amefumba macho.

Nitasema ukweli: nilipandwa na hasira. Watu wawili wanavunjika migongo nje, siku nzima imekwisha, picha imekaa kama imepigwa msumari, na mwenyewe amefumba macho! Nilimwinamia. "Mama, fungua macho. Ndio hawa. Watatoka sasa hivi."

Hakufungua. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, viganja vimeelekea juu, midomo inakwenda pamoja na sauti ya wale watu. "Nimeshawaona, binti yangu," akasema. "Sasa acha niombe nao."

Nilirudi dirishani. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nalia, na nililia huku naita: "Hapo. Hapo. Msiachilie. Hapo."

Walishika kwa dakika ishirini. Mwanga wa uani uligeuka mwekundu, ukawa wa kijivu, na adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikitini. Kwenye kioo watu weupe walianza kusogea. Maryan alijipangusa uso kwa viganja vyake viwili na kufungua macho.

"Imetosha," akasema. "Waambie waache."

"Acheni!" nikaita. Dishi likageuka lenyewe na kuguna, na kioo kikajaa chenga.

Korane aliingia amejikunja. Sabrin alimpa tende ya kufungulia, akaishika mkononi bila kuila, akapiga magoti mbele ya kochi. "Hooyo, umeona?"

"Nimeona. Nilisimama nao mpaka mwisho."

Akaweka kichwa chake kwenye shuka la mama yake, mtu mzima mwenye ng'ombe mia mbili, akalia kama mtoto wa nyumbani.

Mimi nilichukua kikombe cha maji nikatoka. Ndambuki alikuwa ameketi chini kwenye nguzo, miguu imenyooka. Mikono yake haikuweza kushika kikombe, nikamnywesha. Alimaliza chote. Miaka minane alikuwa ananiuliza jambo moja tu, imekuja au haijakuja. Jioni hiyo aliniuliza jingine.

"Mama Kasiva, kulikuwa na nini?"

Nikakaa kando yake nikamweleza. Nilimweleza jinsi weupe ulivyojaa mpaka mlimani, jinsi mikono ilivyokuwa juu, na ile sauti. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na mama alikuwa anaangalia?"

Nilifikiria kumdanganya. Bega lake lilikuwa limechubuka mpaka damu imetoka kwenye shati. "Aliangalia kidogo," nikasema. "Halafu akafumba macho. Muda wote mliokuwa mmeshika, alikuwa amefumba akiomba."

Aliliangalia dishi, lililokuwa limelala upande bila kuelekea popote. Nilingoja alipuke.

"Ni sawa," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimefumba."